Reli Kumi na Moja za Mwenyekiti

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au mwenye duka alishalifungia vitumbua kabla hujalifikia, ulichokosa ni hiki.

Hashimu Shemzigwa alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mbao cha serikali msituni, juu ya Malindi, hii ya milimani, siyo ile ya pwani. Kiwanda kilipofungwa alipewa barua ya ridandansi, yaani ya kupunguzwa kazini, akageuka mkulima wa matunda ya plamsi na kabichi. Reli ndogo iliyokuwa ikibeba mbao kutoka kiwandani hadi ukingo wa mlima, pale unapoiona Mazinde chini kabisa barabarani, ikabaki tuta tupu lenye majani. Vyuma vyenyewe vilitoweka ndani ya miezi miwili.

Miaka sita baadaye, mwaka wa mvua za Elinino, Mwalimu Yudith wa sekondari, mzaliwa wa Tanga, akaja na wazo. Tuta lile lisafishwe liwe njia ya matembezi. Siyo njia ya kwenda sokoni wala shambani. Njia ya kutembea tu, mtu apunge upepo, aone misitu, arudi kwake. Hashimu akachaguliwa mwenyekiti wa kamati, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na miwani na faili.

Tangu siku hiyo hakuwa amepata raha. Nyuki wa kalvati la tatu walimfukuza hadi kwenye zizi la watu. Kabichi zake mwenyewe ziling'olewa kwa sababu zilikuwa juu ya tuta. Kibao alichokisimamisha kikiwa na maneno "Njia ya Mapumziko" kilileta wageni wawili wakiuliza vitanda viko upande gani.

Wiki jana tulimwacha na barua mkononi. Barua ilisema mgeni rasmi kutoka mkoani angekuja Jumamosi kuizindua njia na kuona kama inafaa kusaidiwa. Angependa kukuta pale mwanzoni walau hatua thelathini za reli ya zamani, zimelazwa kama zilivyokuwa, ili mtembeaji ajue ametembea juu ya nini.

Mwalimu Yudith alimgeukia Hashimu mbele ya kamati nzima, akamuuliza reli zilikwenda wapi. Hashimu akajibu kwamba zilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu wa Mazinde.

Hatukukwambia kwamba wakati anajibu hivyo, reli kumi na moja za urefu kamili zilikuwa zimebeba paa la nyumba yake.

Tusimwite mwizi haraka. Mwaka ule kiwanda kilipofungwa, mlinzi aliondoka, na bosi aliondoka kabla ya mlinzi. Hashimu alibaki na funguo za stoo ambazo hakuna aliyezitaka. Aliona watu wakipita na vyuma begani mchana kweupe, wakimsalimu. Naye akajiambia kwamba mtunza stoo ni mtu wa kutunza. Akazitunza kumi na moja.

Fundi Abdallah alizipandisha juu ya kuta, akazifunga kwa nati na bolti, akapigilia mabati. Mkewe Hashimu, Hadija, alizipaka rangi ya bluu bahari kwa sababu hakupenda kuona kutu akiwa amelala. Elinino ilipokuja na nusu ya kilima ikateremka, nyumba zilianguka kushoto na kulia, lakini ile ya Hashimu haikutikisika. Familia tatu zilijihifadhi sebuleni kwake wiki mbili nzima, zikitazama juu na kumshukuru Mungu kwa boriti zile. Kwa hiyo kila aliyelala pale alizijua. Aliyekuwa hazijui ni Mwalimu Yudith peke yake.

Baada ya kile kikao, Mwalimu alipata wazo jingine. Alisema pengine yule mnunuzi wa Mazinde hakuzimaliza zote. Ikatangazwa msikitini, kanisani na sokoni kwamba mwenye kipande chochote cha reli akilete shuleni, na hataulizwa neno.

Siku tatu zikapita. Hakuna aliyeleta hata msumari.

Aliyejitokeza ni Rahabu muuza mapeasi, na hakuleta reli. Alikuja akisukuma kiberenge, kile kigari cha magurudumu manne kilichokuwa kikipita juu ya reli kubeba mafundi. Miaka sita kilikuwa kitako cha banda lake la kuku. Alieleza kwamba tangazo lilihusu reli, na kiberenge si reli, kwa hiyo amekileta kwa hiari yake, na ile ahadi ya kutoulizwa neno yeye wala haihitaji. Kuku mmoja mweusi alikuwa bado amelala juu yake na hakukubali kushuka.

Rahabu alikuwa na swali pia. Alitaka kuelewa hii njia, mtu akifika mwisho wake atakuta nini.

Mwalimu Yudith akamweleza kwamba atakuta mandhari.

"Hakuna anayenunua kitu huko?"

"Hakuna, mama."

"Halafu anarudi na mikono mitupu."

"Anarudi amepumzika."

Rahabu alimtazama kwa huruma, akamuuliza kama huko Tanga ndivyo wagonjwa wanavyotibiwa.

Ilipofika Alhamisi asubuhi Hashimu alikuwa amekonda. Kama reli hazipatikani, mgeni angekuta majani, angerudi zake mkoani, na njia ingekufa. Na Hashimu, ajabu ni kwamba, alikuwa ameanza kuipenda njia ile. Jioni moja alikuwa ameitembea peke yake hadi ukingoni, bila jembe wala mzigo, akaona mikono yake haina kazi ya kufanya. Mwanzoni aliona haya. Kisha akakaa juu ya jiwe akatazama bonde mpaka akasahau kilichomleta. Tangu apewe ile barua ya ridandansi hakuwahi kukaa hivyo.

Hadija siku hiyo alikuwa kijiji cha Mnazi, kwa dada yake aliyejifungua. Alikuwa ameaga kwamba atarudi Jumatatu.

Hashimu akapiga hesabu kwa vidole. Paa lishuke Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi mgeni aone, apige picha, aondoke. Jumapili reli zirudi juu. Jumatatu Hadija aingie, atazame juu, alale. Akaenda kumtafuta Fundi Abdallah.

Abdallah hakuuliza mengi. Alikuja na ngazi, spana mbili na mpwa wake mmoja mwenye mgongo mpana. Majirani waliambiwa kwamba mwenyekiti anabadilisha mabati. Majirani walisema sawa, wakaenda kukaa mahali pa kuonea vizuri.

Reli ya tatu ilipokuwa inashuka, Abdallah alizungumza bila kumtazama mwenzake.

"Unajua kwa nini hakuna aliyeleta?"

Hashimu akasema pengine hawana.

"Wanazo. Zizi la Ramadhani linazo. Kichanja cha vyombo kwa Mwanaidi ni reli tupu. Lakini wewe ulisema mbele ya Mwalimu kwamba zimekwenda Mazinde. Akitokea mtu na reli yake mkononi, wewe umekuwa mwongo. Watu wakaona bora tukusetiri."

Hashimu alishika ncha ya reli, akaiteremsha chini. Alikuwa amejiandaa kuwalaumu wenzake kwa uchoyo, na alikuwa na hotuba nzuri juu ya jambo hilo, ya kurasa mbili, ndani ya faili. Aliuliza kama basi angeweza kuwaendea mmoja mmoja, awaombe kimya kimya, ili paa lake lipone.

"Wamezikatakata," Abdallah akasema. "Za urefu kamili ni hizi zako tu. Ulizitunza vizuri."

Kumi zilitosha, tano kila upande. Ya kumi na moja Abdallah aliiacha juu ya ukuta, imekatiza sebule peke yake chini ya mbingu, kwa sababu alisema nyumba isiyo na kitu chochote juu humtia mtu huzuni.

Ijumaa baada ya swala walilaza mataruma ya mkaratusi, yale magogo ya kubeba reli, wakazipigilia reli juu yake. Kiberenge kikapandishwa, na kuku mweusi juu yake. Mwalimu Yudith alipokuja kuona, alizitembea hadi mwisho na kurudi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Hashimu hakuisahau, kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kufanya kazi na mtu anayetimiza jambo kama mwenyekiti huyu. Akataka kujua amewezaje.

Hashimu akasema aliteremka Mazinde, akazungumza na yule mnunuzi, wakaelewana.

"Na hii rangi ya bluu?"

Akasema yule bwana hupaka bidhaa zake zote.

Jumamosi jua liliwaka asubuhi, jambo ambalo Hashimu alilichukua kama msamaha. Watu walijaa. Mgeni rasmi alishuka kwenye gari akiwa na fimbo ya kutembelea na viatu vipya vyenye kamba nyekundu, na nyuma yake polisi mmoja, koplo mwenye daftari. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi, asiyependa kuharakishwa.

Alitembea njia kilomita nzima. Kina mama walimsindikiza kwenda wakiimba. Wakati wa kurudi nusu yao walikuwa na mizigo ya kuni kichwani, kwa maana kurudi mikono mitupu kuliwashinda. Mgeni alipanda kiberenge, akasukumwa hatua zote thelathini, akashuka akicheka. Akainama akagusa reli, akasema amefurahi sana kuona hata rangi ya asili imebaki.

Kisha akahutubia. Alisema amezunguka sehemu nyingi na kila alipokwenda vyuma vya zamani vimeliwa. Hapa watu wamejua thamani ya walichonacho. Njia itasaidiwa, madaraja mawili yatajengwa upya, na Mwalimu atapata vibao vyote anavyovitaka. Watu wakapiga makofi. Hashimu alipiga makofi zaidi ya wote, moyo wake ukiwa tayari umefika Jumapili, juu ya ngazi.

"Na kuanzia leo," mgeni akaendelea, "reli hizi ni kumbukumbu ya umma. Asiziguse mtu. Koplo atabaki hapa mpaka uzio ujengwe."

Mikono ya Hashimu ilibaki hewani.

Aliuliza, kwa adabu zote, uzio huo unaweza kuchukua muda gani. Mgeni akasema siyo muda mrefu, miezi miwili au mitatu. Kule upande wa Shume mawingu yalikuwa yameanza kupangana, na Hashimu aliyahesabu mojamoja.

Angeweza kuishia hapo, akatafuta turubai. Lakini mgeni alikuwa hajamaliza. Alisema Mwalimu amemsimulia jinsi mwenyekiti alivyoteremka Mazinde akazikomboa reli mikononi mwa mnunuzi wa vyuma. Hilo ni jambo la kishujaa. Ila huyo mnunuzi alipata wapi ruhusa ya kubeba mali ya umma? Lazima ashikwe, iwe fundisho kwa wengine. Akamtaka mwenyekiti amtaje.

Hashimu akasema hakumbuki vizuri jina.

Koplo akafungua daftari, akasema jina siyo tatizo. Mnunuzi wa vyuma chakavu pale Mazinde ni mmoja tu, Dula, yule anayechechemea, mwenye banda kando ya barabara. Akasema akishuka sasa hivi atamkuta anakula chakula cha mchana.

Hashimu alimjua Dula. Sote tunamjua. Baba yake Hashimu alipofariki hospitali ya chini, gari lilikwama kwenye kona ya tano na jeneza likapandishwa mlima kwa mabega. Dula, na mguu wake ule, alikuwa kati ya waliolibeba. Hakuwa na undugu nao. Alikuwa amesimama tu barabarani akaona watu hawatoshi.

Mwalimu Yudith alikuwa akimtazama mwenyekiti wake kwa fahari. Abdallah alikuwa akitazama chini. Kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza, kikimsetiri kwa nguvu zake zote.

Hashimu akavua miwani. Bila miwani haoni mbali, lakini aliona vya kutosha: mwanamke anakuja juu ya tuta, mfuko wa mchele kichwani, kifurushi mkononi, mtandio umefungwa kiunoni. Hakuwa anatembea kwa kupunga upepo. Mwendo ule alikuwa ameishi nao miaka thelathini.

Tangu siku hiyo watu hubishana kama Hashimu alisema kwa ajili ya Dula au kwa sababu alimwona Hadija. Yeye mwenyewe, akiulizwa, hujibu kwamba yalikuja pamoja.

"Mheshimiwa," akasema, "hakuna mtu wa Mazinde. Sikwenda Mazinde. Dula hajui lolote. Reli hizi nilizichukua mimi mwaka kiwanda kilipofungwa, nikiwa na funguo za serikali mfukoni, nikajengea paa. Juzi nimelishusha ili uzione. Nimemdanganya Mwalimu mara tatu, na hao wote unaowaona walinyamaza kwa heshima yangu."

Koplo aliacha kuandika Dula, akafuta, akauliza jina kamili.

 Mwalimu Yudith alikaa kwenye kiti cha wageni, ambacho hakikuwa chake, akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakirudisha. Hashimu alisema baadaye kwamba angependelea nyuki wa kalvati la tatu.

Mgeni rasmi alijikuna kidevu. Alianza kusema kwamba jambo hili ni zito, na lina pande mbili. Hakufika kwenye upande wa pili, kwa sababu Hadija alikuwa ameshapenya katikati ya watu na kusimama mbele yake.

Dada yake Mnazi alikuwa na wakwe waliojaa nyumba, akaona awapishe mapema. Alishushwa na Landrova mlangoni kwake. Aliingia ndani, akavua viatu kama kawaida, akatazama juu, akaona ndege anapita.

Aliutua mfuko wa mchele chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Habari za safari?"

"Njema. Nimekuja kuulizia boriti zangu. Hizo za bluu."

Watu waliangalia reli, wakaangalia viatu vyao. Mgeni rasmi alimweleza kwa upole, na kwa kirefu, kwamba amesikitika sana, lakini ametamka mbele ya halaiki kwamba reli hizi hazitaguswa. Kiongozi hawezi kutamka jambo saa sita na kulitangua saa saba. Itabidi iandikwe barua, iende mkoani, ijadiliwe.

Hadija alisikiliza hadi mwisho. Kisha alimgeukia mumewe kwa mara ya kwanza.

"Baba Shamsa, ni kweli zile kumi zote ziko hapa?"

"Zote, mama Shamsa."

"Ya kumi na moja nimeiona. Basi sawa."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya daftari la koplo. La pili likaanguka juu ya kiatu kipya cha mgeni rasmi.

Hadija aliinua mfuko wake wa mchele, akaupandisha juu ya kiberenge, akamsogeza kuku mweusi pembeni kwa mkono, akapanda, akakaa. Alifungua kifurushi chake, akatoa sufuria ndogo, kikombe na shuka, akaanza kuvipanga kwa utaratibu wake. Alimwambia mgeni rasmi kwamba kama paa lake halitaondoka hapa, basi na yeye amekwisha kufika nyumbani, na wageni wanakaribishwa ila wavue viatu.

Mgeni rasmi alimtazama Mwalimu Yudith. Mwalimu Yudith alimtazama Hashimu. Hashimu, akiwa hajui kama bado ni mwenyekiti au tayari ni mshitakiwa, alianza kufungua kamba za viatu vyake.

Koplo alilowesha ncha ya kalamu, akauliza kama na hilo aliandike.